Kupanda Saranda kwa kilo tisa: kisa cha mlima mwepesi wa reli ya mfano

Kisa hiki ni cha kikundi kidogo cha Dodoma kilichojenga reli ya mfano ya kubebeka, na kikaujenga mlima wake mara tatu kabla haujakubali kusafiri. Majina ya watu, shule na mtaa nimeyaondoa, pamoja na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mtu. Vipimo ni vile vile vilivyoandikwa kwenye daftari letu la kazi. Mimi niliingia nikiwa fundi mbao, nimeitwa kuja kuimarisha miguu ya meza iliyokuwa inayumba, nikabaki hadi leo.

Usuli

Mwenye wazo alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli. Alifanya kazi kwenye magenge ya njia, yaani wale watu wanaobadilisha mataruma, wanaoshindilia kokoto na kuinua reli iliyozama. Sehemu kubwa ya utumishi wake aliitumia magharibi ya Dodoma: Kigwe, Bahi, Kintinku, hadi Saranda, pale njia inapoyaacha majaruba ya mpunga ya Bahi na kuanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Alitaka watoto waione kazi ya pale. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. "Hiyo miaka watoto wanaikariri," alituambia siku ya kwanza, "lakini hakuna anayewaambia kwa nini treni ikifika Saranda inahema."

Wengine walikuwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa stoo na ruhusa ya mkuu wa shule, na wanafunzi sita wa kidato cha pili na cha tatu. Treni zenyewe ziliachwa na mgeni mmoja aliyewahi kufanya kazi mjini: sanduku la reli za upana wa milimita 12, injini mbili na mabehewa, zile zinazotengenezwa kwa kuiga treni za milimani za Uswisi. Ilikuwa bahati ya ajabu, kwa sababu treni zile za Uswisi nazo hupita kwenye njia ya upana wa mita moja kama yetu ya zamani. Kipimo ni 1 kwa 87. Gawanya mita moja kwa 87 unapata milimita 11.5, hivyo milimita 12 zinatosha kabisa. Kama tungetaka kuiga SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, yenye upana wa milimita 1,435, tungehitaji njia ya milimita 16.5.

Meza iligawanywa vipande vitatu, kila kimoja sentimita 120 kwa 60. Masharti yalikuwa manne: kila kipande kibebwe na wanafunzi wawili, kipite mlango wa darasa, vyote vitatu viingie kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa safari moja, na kazi ya kuunganisha isizidi nusu saa. Masharti hayo yaliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Kisha hakuna aliyeyasoma tena mpaka tulipokwama.

Jambo jingine lililoamuliwa mapema, na likaamuliwa vizuri, ni ukubwa wa mlima. Mlima wa mita 100 tu ukiugawa kwa 87 unakuwa na sentimita 115. Unamfika mtoto wa darasa la tano begani, na hapo bado haujawekwa juu ya meza. Ukingo wa Bonde la Ufa hauwezi kuigwa kwa kipimo chake halisi kwenye chumba chochote tunachokifahamu. Tukakubaliana kilele kiwe sentimita 46, sawa na mita 40 za kweli, na njia yenyewe ipande sentimita 9 katika urefu wa mita 3.6 wa vipande vyote vitatu. Hiyo ni asilimia 2.5. Injini zetu ziliumudu mwinuko huo na mabehewa manne bila kuteleza, na zikipunguza mwendo pale juu Mzee hutabasamu.

Jaribio la kwanza: jipsamu juu ya wavu wa kuku

Uamuzi wa kutumia jipsamu ulikuwa na sababu zake, na sitaki msomaji audharau. Vitabu vya zamani vya watu wa reli za mfano hufundisha hivyo: tandaza wavu juu ya vipande vya mbao, loweka karatasi au kitambaa kwenye jipsamu iliyokorogwa, funika, acha igande. Dodoma ya sasa ina mafundi wa dari kila mtaa, jipsamu inapatikana kwa urahisi, na kijana yeyote aliyewahi kumsaidia fundi wa dari anajua kuikoroga. Tena inaganda haraka, na mtoto anauona mlima siku hiyo hiyo.

Ulikuwa mlima mzuri. Ulikuwa pia na uzito wa kilo 41 kwa kipande, bila miguu. Tulikipima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mahindi, kisha baadaye, tulipokivunja, tukapima kila kitu kwa sehemu yake: plaiwudi ya milimita 18 kilo 8, fremu ya mbao za mbili kwa nne kilo 11, jipsamu kilo 16, wavu kilo 2, mawe halisi ya mapambo kilo 3, njia na nyaya kilo 1. Katika zile kilo 11 za fremu, 3 nilizileta mimi. Nilipoona meza inayumba chini ya mzigo niliongeza mbao, na mbao zikaongeza mzigo.

Safari ya kwanza ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kila kipande kilibebwa na wanaume wanne, na kirikuu ilienda mara mbili. Matuta ya barabarani yaliipasua jipsamu kwenye mikunjo yote ya mlima, na kwa kuwa jipsamu ni nyeupe hadi ndani, kila ufa ulionekana kama mstari wa chokaa kwenye udongo mwekundu wa Bahi. Unga wake ukadondokea relini, ukaingia kwenye gia za injini moja. Wakati wa kushusha, kijana mmoja alibanwa kidole kati ya kipande na ukingo wa gari. Hakikuvunjika, lakini mwalimu alisema pale pale kwamba hakuna mwanafunzi atakayekibeba kitu hiki tena. Alikuwa sahihi. Neno lake ndilo lililotulazimisha kufikiri upya. Bila yeye tungeziba nyufa na kuendelea.

Jaribio la pili: kadibodi na uji wa ngano

Safari hii nilianza na fremu. Nilichana plaiwudi ya milimita 9 kuwa vipande vya upana wa sentimita 10, nikavisimamisha kwa wima kama boriti, nikaviunga kwa gundi ya mbao na vibanzi vya pembeni, kisha nikafunika juu kwa plaiwudi ya milimita 4. Ubao mwembamba uliosimamishwa wima haupindi kirahisi kuliko ubao mnene uliolazwa. Kila fundi wa paa analijua hilo, na hata hivyo sikulitumia mara ya kwanza kwa sababu akilini mwangu meza ilikuwa meza. Fremu na ubao wake wa juu vilikuja kilo 4.

Mlima ulisukwa kwa vipande vya kadibodi vya upana wa sentimita 3, kama anavyosuka mtu kikapu, halafu ukafunikwa na tabaka tano za magazeti yaliyolowekwa kwenye uji mzito wa unga wa ngano. Wanafunzi waliipenda kazi hii kuliko zote. Haikuhitaji pesa wala kifaa, na kosa lilirekebishika kwa kubandika gazeti jingine. Jumla ilikuwa kilo 13. Kipande kilienda shule nne bila ufa hata mmoja.

Kisha ikaja masika. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na katika miezi hiyo barabara za ndani hazitabiriki, kwa hiyo tulivihifadhi vipande stoo, vimelazwa sakafuni bila miguu. Sakafu ilikuwa na ufa kando ya ukuta. Mwezi wa tatu Mzee aliingia kuangalia hali. Alikuwa na tabia ya kubonyeza mlima kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akibonyeza mataruma ya mbao zamani kutafuta yaliyooza. Kidole kikazama hadi kiungo cha pili. Nje palikuwa na nyasi, miti na njia. Ndani hapakuwa na kitu ila vichuguu vya mchwa. Kwenye kipande cha tatu panya walikuwa wametoboa kutoka chini na kuweka makazi, na magazeti yenye uji wa ngano ndiyo yaliyoliwa kwanza.

Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kujalidi vitabu alituambia kwamba gundi ya unga zamani ilitiwa mrututu ili wadudu wasiiguse. Ni kweli, na ingesaidia. Lakini mrututu ni sumu, na hawa ni watoto wanaochovya mikono yao kwenye ndoo. Tuliuacha.

Kwa nini povu

Tulikaa siku mbili kuamua. Hoja ya kubaki na kadibodi na kubadilisha gundi tu ilikuwa na nguvu: gundi nyeupe ya mbao hailiwi kama ngano, na stoo ingewekewa rafu. Mwalimu aliitetea. Mzee alikuwa na hoja moja. Alisema watoto lazima waushike mlima, wapitishe vidole kwenye makorongo, na kadibodi iliyosukwa ina uwazi ndani. Ikibonyezwa mara 50 kwa siku itaanza kubonyea kati ya nyuzi. Akataka kitu kilichojaa.

Kitu chepesi kilichojaa tulikuwa tunakitupa kila siku: lile povu gumu jeupe linalozunguka friji na tivii ndani ya maboksi. Mita moja ya ujazo ya povu hilo ina kilo 15 hadi 25 hivi, wakati jipsamu iliyokauka inapita kilo 1,000. Mchwa halimshibishi, ingawa anaweza kulitoboa akitafuta njia. Wenye maduka ya friji mjini walifurahi tulipokuja kulichukua, maana kwao ni taka inayopeperuka.

Jaribio la tatu

Kosa la kwanza lilitokea dakika ya kumi. Kijana alibandika vipande viwili kwa gundi ya fundi viatu, akashangaa kuona povu linaliwa na kuzama lenyewe kama chumvi majini. Gundi ile, petroli, thina, rangi ya mafuta na rangi ya kupuliza ya kopo vyote huliyeyusha povu hili. Tangu hapo tukaweka sheria moja: kama kitu hakisafishiki kwa maji, hakiingii chumba cha kazi. Gundi nyeupe ya mbao inashika vizuri, ila katikati ya vipande viwili vipana inachelewa mno kukauka kwa sababu povu halipitishi hewa. Tulijifunza kupaka mistari badala ya kufunika uso wote, kuchoma vijiti vya mishikaki katikati kama misumari, na kuacha usiku mzima chini ya mzigo.

Kosa la pili lilikuwa msumeno. Povu likikatwa kwa msumeno linatoa punje ndogo nyeupe, na hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu kiasi kwamba punje zinajaa umeme tuli na kung'ang'ania kila kitu: nywele, sweta, sumaku za injini, ukuta. Upepo ulizibeba hadi uwanjani, kuku wa jirani wakaanza kuzidonoa. Tulisimamisha kazi tukaokota. Nilitamani sana tungelijua hilo kabla, kwa sababu punje nyingine hazikupatikana tena.

Suluhisho likawa waya wa moto. Tulichukua waya kutoka kwenye koili ya jiko la umeme bovu, tukaunyoosha kwenye upinde wa mbao, tukaupa volti 12 kutoka kifaa cha maabara cha mwalimu. Usijaribu kabisa kuunganisha waya huo na umeme wa ukutani. Waya usiwe mwekundu. Ukiwa mwekundu umezidi, povu linaungua badala ya kukatika, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Tulikatia nje, upepo ukiwa mgongoni, na kazi hiyo ilifanywa na watu wazima. Waya ulikata kama kisu kwenye siagi, bila punje hata moja.

Mlima ulijengwa kwa tabaka za sentimita 5 zilizopangwa kama ngazi, kisha ngazi zikachongwa kuwa miteremko. Povu la chini kabisa lilichukua nafasi ya ile plaiwudi ya juu, kwa hiyo fremu ilishuka hadi kilo 2.7. Chini ya njia tu ndipo tuliacha ukanda wa plaiwudi, na juu yake raba nyembamba ya soli za ndala tuliyoipata kwa fundi viatu, kwa sababu reli ikilazwa moja kwa moja kwenye povu, mlima mzima unanguruma kama ngoma.

Ngozi ndiyo iliyotuchukua muda, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kwanza vitambaa vya pamba vya mashuka chakavu, vilivyochanwa upana wa kiganja, vikalowekwa kwenye gundi nyeupe iliyoongezwa maji nusu kwa nusu na kulazwa juu ya povu. Juu yake tope: vikombe vitatu vya unga laini wa mbao, kimoja cha gundi, kimoja cha rangi ya maji, nusu kikombe cha jipsamu na kimoja cha udongo mwekundu wa Dodoma wenyewe. Unene milimita 2 au 3, si zaidi. Kwa kuwa udongo umo ndani ya tope, ngozi ikichubuka rangi ni ile ile. Lile jeraha jeupe la jaribio la kwanza halikurudi.

Udongo huo unahitaji maandalizi. Tulichekecha kwa kipande cha chandarua, tukaukaanga kwenye sufuria kuua mayai ya wadudu, kisha tukaupitishia sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hapo wanafunzi walipiga kelele: mfuko ulitoka na ndevu nyeusi za chembe za chuma. Chembe hizo zikibaki kwenye mandhari, mota za injini huzivuta na kusagika.

Majabali ya Dodoma, yale ya mviringo yanayokaa moja juu ya jingine kana kwamba mtu aliyapanga, yalichongwa kwa povu, yakapakwa tope lisilo na udongo, halafu yakaoshwa kwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na maji na tone la sabuni. Masizi yalizama kwenye mikunjo, juu kukabaki kijivu. Nyasi za kiangazi zilikuwa katani iliyokatwa milimita 5. Rangi yake ya asili ndiyo rangi ya mbuga za Bahi mwezi wa tisa, hatukuipaka kitu. Mibuyu ilitengenezwa kwa waya wa shaba uliosokotwa na karatasi laini.

Kona iliyonyanyuka

Vipande viwili vya kwanza vilikauka salama. Cha tatu, chenye mlima mdogo zaidi na povu jembamba zaidi, kilitushtua asubuhi ya siku ya tatu. Kona moja ilikuwa imenyanyuka milimita 4 kutoka kwenye fremu. Tulipoviunganisha, reli ya kipande cha pili na ya cha tatu hazikuonana, na treni ikaanguka kila ilipovuka.

Wengine walilaumu plaiwudi, wengine jua. Kilichotokea ni kwamba kitambaa chenye gundi hunywea kinapokauka. Kikiwa upande mmoja tu wa povu jembamba, kinauvuta upande huo na povu linapinda, kama ngozi ya ngoma inavyovuta mzinga. Kwenye mlima mnene povu lina ubavu wa kukataa. Kwenye tambarare ya Bahi halikuwa nao. Tulikuwa pia tumekianika kipande hicho juani ili kiwahi, na kwa hewa kavu kama ya hapa uso ulikauka na kuvuta wakati ndani bado kuna maji.

Marekebisho yalikuwa mawili. Chini ya povu tulikata mistari ya nusu unene kila baada ya sentimita 10, ili lisiwe na uwezo wa kuvutana kama ubao mmoja. Kisha tukabandika kitambaa chenye gundi upande wa chini pia, tukakilaza kipande kivulini chini ya matofali manne kwa siku mbili. Kona ilishuka hadi chini ya milimita moja, na tofauti iliyobaki tuliimaliza kwa bolti na nati za mabawa kwenye maungio. Toka hapo kila povu lenye unene chini ya sentimita 8 tunalipaka pande zote mbili siku moja.

Upepo

Kipande cha mlima mkubwa kilikuja kilo 9.4: fremu 2.7, povu 2, ngozi 2.6, njia, nyaya na ukanda wake 1.5, udongo, nyasi na miti 0.6. Wasichana wawili wa kidato cha pili walikibeba kutoka stoo hadi kwenye gari wakiongea.

Ilikuwa mwezi wa nane. Shule ya kwanza ilituomba tuweke nje, chini ya mwarobaini, ili madarasa yote yaone. Mzee alisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa," watoto wakaitikia, akaanza kueleza. Upepo wa kiangazi wa Dodoma unajulikana. Ule mlima wa sentimita 46 uliupokea kama tanga, na kipande kizima kikaanza kuinama. Nilikidaka. Mwaka mzima tulikuwa tumepigana kuondoa uzito, na sasa tulikuwa tunauhitaji.

Mwanafunzi mmoja alikimbia jikoni kwa shule akarudi na dumu la lita 20 lililojaa maji, akalining'iniza kwa kamba kwenye msalaba wa miguu. Kilo 20, chini kabisa, katikati. Meza haikutikisika tena. Sasa tunasafiri na madumu matatu matupu na kuyajaza kwa wenyeji wetu, na maji yakimaliza kazi yanamwagiwa miche ya shule.

Matokeo

Msimu huo vipande vilienda shule 11, kwa kirikuu moja, safari moja kila mara. Kuunganisha kulichukua dakika 25 kwa wastani wa daftari letu. Mwisho wa msimu tulikuta mibonyeo miwili kwenye tambarare, mbuyu mmoja umeng'olewa na mchubuko kwenye jabali. Vyote vilirekebishwa kwa kikombe kimoja cha tope. Masika iliyofuata vipande vilikaa kwenye rafu, na mwezi wa tatu Mzee alizunguka na kidole gumba chake. Hakikuzama popote.

Uchambuzi

Watu wakiuona mlima huu huuliza kuhusu povu. Mimi huwaonesha daftari. Kutoka kilo 41 hadi 13 tulipunguza 28, na wakati huo hatukuwa na povu hata kidogo. Kati ya hizo, 15 zilitoka kwenye fremu na ubao wake, 11.5 kwenye gamba la mlima, 2 kwenye mawe na mapambo, na njia ikaongezeka nusu kilo. Kutoka 13 hadi 9.4, hapo ndipo povu lilipoingia, tulipunguza 3.6 tu, na sehemu yake ni ubao wa juu ambao povu liliuondoa. Kwa hiyo anayetaka mandhari nyepesi aanze na useremala. Povu lilitupa kitu kingine: mwili uliojaa ambao mtoto anaweza kuubonyeza, na ambao hauna ngano ya kumwita mchwa.

Siamini pia kwamba kadibodi ilishindwa. Iliyoshindwa ni gundi ya ngano na sakafu yenye ufa. Kikundi kisicho na povu, kilicho na gundi nyeupe na rafu, kingeweza kubaki na jaribio la pili kikafanya kazi nzuri miaka mingi. Mwalimu bado ana maoni hayo, na mimi namuunga mkono kwa shule za vijijini ambako maboksi ya friji hayapiti. Povu lina mabaya yake: linawaka moto kirahisi, punje zake hazirudi, na mabaki yake hayaozi. Sisi tunahifadhi kila kipande kilichokatwa na kukitumia kujaza matumbo ya milima mingine, na hakuna kibiriti wala mshumaa unaoingia stoo.

Tope lenye udongo wa mahali lilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Uzito wake ni mdogo, halihitaji ustadi, na linarekebishika na mtu yeyote mwenye kikombe. Lakini lilitufundisha kupitia kona ile kwamba kila kinachokauka kinavuta, na tulipaswa kulipima kwenye kipande cha majaribio cha sentimita 30 kabla ya kulipaka kwenye mita nzima. Saa mbili za majaribio zingetuokolea wiki.

Kosa lililorudia mara zote tatu ni lile la karatasi ya ukutani. Kila mara tulipima kitu baada ya kukimaliza. Jipsamu tuliipima ikiwa mlima, kadibodi hatukuiwekea masharti ya stoo, na kipande chepesi hatukukijaribu kwenye upepo hata siku moja, ingawa sote tumekulia Dodoma na tunajua mwezi wa nane ulivyo. Sharti la tano liliongezwa kwa kalamu nyekundu: kisimame nje saa moja kabla hakijapakwa rangi.

Sasa Mzee anataka kipande cha nne, cha upande wa mashariki, pale Kidete ambako njia inafuatana na mto Mkondoa na ambako mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta la reli. Anataka watoto waone maji yakipita, maji ya kweli, na tuta likiliwa na kujengwa upya mbele yao. Tope letu lina gundi inayolainika ikikaa kwenye maji, kwa hiyo mto utahitaji ngozi nyingine. Tumetengeneza vibao vitatu vya sentimita 30, kila kimoja na mpako wake, na tangu Jumatatu vimezama kwenye beseni nyuma ya stoo. Povu la kipande chenyewe limeshapangwa juu ya rafu.